Kwa Maelezo Yako

Barua ya kumwita binti yake mbele ya Kamati ya Nidhamu ilipita mikononi mwa Mama Masjala saa nne kasoro asubuhi, ikiwa ya saba katika fungu la barua thelathini na moja za kutoka. Alikwisha kuandika nusu ya jina kwenye daftari kabla mkono haujashtuka. Aliinua kalamu, akalitazama lile jina, akatazama namba ya usajili iliyoandikwa chini yake, ileile aliyoijazia fomu ya ada kwa miaka mitatu.

Mama Masjala alikuwa na sifa moja aliyojivunia kuliko zote: hasomi barua za watu. Miaka ishirini na miwili amekaa nyuma ya dirisha la masjala ya chuo, anafungua bahasha, anapiga muhuri wa IMEPOKELEWA juu ya ukurasa wa kwanza, anaandika namba, tarehe, imetoka kwa nani, yahusu nini, inakwenda kwa nani. Jicho lake lilikuwa na mpaka wake, nao ni ule mstari wa Yahusu. Chini ya hapo hapamhusu. Wahadhiri walimsifu kwa hilo, msajili alimsifu kwa hilo kwenye hafla ya wafanyakazi, akapewa saa ya ukutani. Kwa hiyo siku hiyo aliposhuka chini ya ule mstari, alisoma kama mtu anayechungulia chumba cha wakwe.

Unatuhumiwa kumkashifu Mkuu wa Idara ya Upimaji Ardhi kwa barua yako ya kurasa mbili iliyopokelewa Masjala tarehe nne mwezi uliopita. Unatakiwa kufika mbele ya Kamati siku ya Alhamisi saa tatu kamili asubuhi, na kueleza kwa nini usifukuzwe chuo.

Alivuta daftari la barua za kuingia, akarudi nyuma kurasa kadhaa kwa kidole. Tarehe nne. Ilikuwa wiki ya rufaa za mitihani, barua mia na zaidi kwa siku. Katikati ya rundo hilo, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri wa kulala upande mmoja: Imetoka, mwanafunzi wa upimaji. Yahusu, malalamiko. Siri. Na kwenye safu ya mwisho: Imepelekwa kwa mkuu wa idara husika, kwa maelezo yake. Pembeni kulikuwa na saini yake, na mkia wake ulivutwa kwa madaha.

Jina la mwandikaji lazima lilikuwa ukurasa wa pili. Yeye muhuri huupiga ukurasa wa kwanza.

Mkuu wa masjala alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye Mama Masjala mwenyewe alimfundisha kazi, kisha akapandishwa cheo akampita. Alikuwa anakunywa chai akiperuzi simu.

"Faili la malalamiko ya wanafunzi liko wapi?" Mama Masjala aliuliza.

"Liko kwa msajili. Kuna nini, mama?"

"Kuna barua nataka kuiona. Nikaisome."

"Wewe? Kusoma?" Alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. "Mama, hilo faili huwezi kuligusa. Una maslahi nalo. Huyo si mwanao?"

"Kumbe ulijua."

"Jina nililiona Ijumaa."

"Ukaliona Ijumaa, ukanyamaza, ukaiweka barua kwenye fungu langu ili niisajili kwa mkono wangu."

"Sasa mimi ningefanyaje? Utaratibu ni utaratibu. Wewe ndiye uliyenifundisha." Aliweka kikombe chini na kuanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangika. "Isajili tu, mama. Ukiichelewesha watasema umeificha, na hapo utamwaga unga bure."

Aliisajili. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine ya siku hiyo, kwamba baada ya kujua yote yale alirudi kitini, akamalizia nusu ya jina iliyobaki, akapiga muhuri.

* * *

Nyumbani walikuwa watatu tu. Baba wa nyumba alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na hasira za karibu, ambaye alimwita binti yake Injinia tangu alipokuwa na miaka sita na kuupima ua wote kwa kamba ya kuanikia nguo. Jioni ile alikuwa nje anakata bomba la nusu inchi. Injinia alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, anakwangua udongo kwenye buti zake za mazoezi ya uwandani. Mama yake aliingia bila kubisha na kuweka barua juu ya godoro.

Injinia aliisoma mara moja, akaikunja.

"Imefika leo?"

"Nimeisajili mimi."

"Haya." Aliendelea kukwangua. "Si na ile nyingine uliisajili wewe."

"Ile sikuisoma."

"Mama."

"Haki ya Mungu sikuisoma, mwanangu. Mimi huwa sisomi."

"Nani hasomi?" Injinia aliitupa buti sakafuni. "Mtu ameshika karatasi, macho anayo, maneno yapo, halafu hasomi? Mama, niliiandika ile barua kwako! Msajili namjulia wapi mimi? Dawati la Ulinzi nalijulia wapi? Nilijua barua zote zinapita kwako. Nikaiandikia chuo ili uisome wewe."

Mama Masjala alikaa chini ukingoni mwa kitanda.

"Nilisimama kwenye korido," Injinia alisema. "Nikakuona unaifungua bahasha. Nikakuona umeishika kwa mikono miwili. Nikasema basi, mama ameshajua, nikaenda kwenye kipindi nikiwa mwepesi kama nimetua mzigo. Jioni ukarudi. Nikakaa jikoni nakungoja. Ukaniuliza kama nimenunua sabuni."

"Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?"

"Kwa mdomo?" Binti alimkazia macho. "Nilipokuwa kidato cha pili, yule fundi cherehani aliponishika wakati ananipima sare, nikaja nikakuambia kwa mdomo. Ulinijibu nini? Nyamaza, baba yako asisikie. Kwa mdomo nilishajaribu, mama."

Lilikuwa kweli tupu, na Mama Masjala alikumbuka hata rangi ya ile sare.

"Wiki tatu nimekungoja," Injinia aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Nakuona unapika, unacheka na majirani, unapiga pasi sketi ya kazini. Nikajua umechagua kazi. Nikasema sawa, ana haki, ndiyo inayonisomesha. Halafu akaniita ofisini kwake. Barua yangu ipo mezani, ina muhuri wako. Unajua aliniambia nini? 'Mama yako ameipokea, ameipiga muhuri, ameniletea mwenyewe. Unaona? Mama yako ana akili kukuzidi.'"

Msumeno nje ulikuwa umenyamaza. Fundi bomba alikuwa mlangoni, spana mkononi, na haikujulikana amesimama pale tangu lini.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Baba, tulia."

"Nimeuliza nani. Anakaa wapi?"

"Unaona?" Injinia alimwambia mama yake. "Ndiyo maana. Huyu angekwenda kumpasua, angefungwa, na mimi ningefukuzwa siku hiyohiyo."

"Nitampasua tu!"

"Baba Injinia," Mama Masjala alisema kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, "weka hiyo spana chini. Ukimpiga, kesho atakuwa mlalamikaji kwa mara ya pili. Kwenye hii barua ameshakuwa mlalamikaji. Unataka wapate ushahidi kwamba sisi ni familia ya wahuni?"

Fundi bomba aliitazama spana kama ndiyo iliyomkosea. Hakuiweka chini, lakini hakutoka. Alikaa kwenye kizingiti akawapa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Alikufanya nini?" Mama Masjala alimuuliza binti yake, taratibu.

"Niliandika," Injinia alisema, akaokota buti yake. "Sisemi mara mbili."

* * *

Ofisi ya Dawati la Ulinzi wa Wanafunzi na Wafanyakazi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la utawala, mlango unaotazamana na wa msajili, ili kila anayebisha aonekane. Ndani mlikuwa na mabango mapya yanayong'aa: Usinyamaze. Chuo Salama ni Jukumu Letu. Sema, Tunakusikia. Mratibu wa dawati alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, wa kukukaribisha kiti na kukuuliza hali ya nyumbani.

"Pole sana, mama," alisema alipomaliza kusikiliza. "Nimeumia kwa kweli. Lakini hilo faili halijanifikia."

"Barua iliandikwa Siri. Ni malalamiko. Kwa nini haikuja kwako?"

"Kuna waraka, mama. Malalamiko yote yanakwenda kwanza kwa mkuu wa idara husika, atoe maelezo yake. Akishatoa maelezo, ndipo yanakuja hapa yakiwa yamekamilika."

"Na kama anayelalamikiwa ni huyo mkuu wa idara?"

Mratibu alikunja midomo, akafikiri kwa uungwana wote. "Waraka haujasema."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nafanyia kazi ninachopelekewa."

"Tangu ofisi hii ifunguliwe umepelekewa mangapi?"

Mratibu aligeukia kompyuta yake, ingawa ilionekana wazi kwamba jibu alilijua. "Tangu tufungue, miaka miwili sasa, hatujapokea lalamiko hata moja. Ndivyo tulivyoripoti kwa baraza la chuo. Walitupongeza."

"Sifuri."

"Sifuri, mama. Kwa hiyo utaona kwamba kwa ujumla hali si mbaya."

Mama Masjala alisimama. Alikuwa na neno zito kooni na alilimeza, kwa sababu huyu mwanamke angemwandikia kwamba amekuja na lugha chafu. Alishukuru. Hasira yake ilikuwa imefikia mahali ambapo mtu hushukuru.

Siku ile hakutoka kwenda kula. Mkuu wa masjala alipokwenda zake kantini, alifunga dirisha, akabandika kile kibao cha Tutarudi, akafungua daftari la miaka miwili iliyopita na kuanza kusoma. Alisoma kila mstari uliokuwa na neno malalamiko. Kumi na tisa. Kumi na tisa alizozipiga muhuri yeye, kwa mwandiko wake mzuri, na zote zimekwenda kwa walewale waliolalamikiwa, kwa maelezo yao. Nne zilikwenda kwa mtu mmoja, mkuu wa idara ya upimaji. Mwanafunzi, mpiga chapa wa idara, mwanafunzi, mwanafunzi. Huyu wa mwisho ndiye binti yake.

Mpiga chapa alimkumbuka. Mama mwenye watoto wawili, mcheshi, aliyeacha kazi ghafla mwaka jana akafungua kibanda cha fotokopi nje ya lango. Mama Masjala alikuwa anampita kila siku na kumpungia mkono. Jioni ile hakumpita.

"Karibu, Mama Masjala. Leo una kazi ya kuchapa?"

"Sina kazi. Dada yangu, mwaka jana mwezi wa pili uliandika barua."

Mpiga chapa alizima mashine. Kelele zilipokoma, barabara nayo ikaonekana kimya. "Niliandika," alisema.

"Niliipokea mimi."

"Najua uliipokea. Siku ya pili yake mkuu wa idara alinipokonya funguo za ofisi. Wiki ya pili wakaniandikia kwamba nimepoteza karatasi za mtihani. Nikaacha mwenyewe kabla sijaaibishwa." Alikuwa anazungumza bila ukali, akipanga karatasi. "Siku niliyokuja kuaga, ulinipa mkono dirishani. Ukaniambia kila la heri, nakuombea mafanikio. Nikasema moyoni, huyu mama ana roho ngumu, amesoma yote yale na bado anatabasamu."

"Sikuisoma."

Mpiga chapa aliacha kupanga karatasi. "Sasa hilo," alisema, "ndilo baya zaidi."

"Alhamisi mwanangu yuko mbele ya kamati. Njoo useme."

"Humo ndani sirudi, dada. Nina watoto. Wakinifungia na hiki kibanda nitakwenda wapi?" Aliwasha mashine tena. Alipoona mwenzake bado amesimama, alisema kwa sauti ya kushinda kelele, "Barua yangu ni yako. Ukitaka kuitaja, itaje. Namba yake unayo."

* * *

Jumatano alasiri Kamati ya Nidhamu ilileta barua yake masjala. Ilitaka siku ya pili yake aletwe mtumishi aliyesaini kupokea ile barua ya kashfa, pamoja na daftari, athibitishe tarehe. Mkuu wa masjala alikuja na barua hiyo mkononi, ameikunjakunja.

"Nimewaambia nitakwenda mimi, wamekataa. Wanataka mwenye saini," alisema. "Mama, nakuomba. Utafungua ukurasa, utasema ndiyo ilipokelewa, utatoka. Usiseme kingine. Ukisema ndiyo moja tu, kazi unayo."

"Na mwanangu?"

"Mwanao ana kamati yake."

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani, chupa za maji na viti vya kuzunguka. Wajumbe walikuwa watano, mwenyekiti katikati, katibu pembeni na kompyuta yake. Mkuu wa idara ya upimaji alikaa upande wa wajumbe, koti limebana tumbo, mbele yake kikombe cha chai alichowekewa. Alikuwa mlalamikaji. Injinia aliwekewa kiti cha plastiki katikati ya chumba, peke yake, hakuna meza mbele yake, kwa hiyo mikono yake hakujua aiweke wapi. Baba yake alizuiwa mlangoni, akaambiwa wazazi husubiri nje. Mama yake aliruhusiwa kuingia kwa sababu ya daftari.

"Mtumishi wa masjala," mwenyekiti alisema bila kuinua kichwa. "Thibitisha kwa kamati kwamba barua ya tarehe nne ilipokelewa."

"Shikamooni. Ilipokelewa."

"Asante. Unaweza kwenda."

"Ilipokelewa saa tano na robo, ikapelekwa siku hiyohiyo kwa anayelalamikiwa, ambaye ni yule pale anayekunywa chai."

"Hujaulizwa ilipelekwa kwa nani."

"Ndiyo, sikuulizwa. Wala siku ile sikuulizwa." Mama Masjala alilainisha ukurasa kwa kiganja. Sauti yake ilikuwa ileile ya dirishani, sauti ya kuwaambia watu nakala ngapi zinatakiwa. "Ya kwanza ni ya mwaka juzi, mwezi wa kumi, tarehe kumi na saba. Mwanafunzi wa upimaji. Malalamiko. Kwa mkuu wa idara, kwa maelezo yake. Ya pili ni ya mwaka jana, mwezi wa pili, tarehe tisa. Mpiga chapa wa idara ya upimaji, mtumishi wa chuo hiki. Malalamiko. Kwa mkuu wa idara, kwa maelezo yake. Ya tatu..."

"Mama!" Mwenyekiti aligonga meza. "Unavunja siri za ofisi."

"Ya tatu ni mwezi wa sita, mwanafunzi. Kwa huyuhuyu. Maelezo yake hayajawahi kurudi masjala, hata moja. Nimetafuta. Nina nyingine kumi na tano hapa za wakuu wengine, kama kamati ina nafasi."

Mkuu wa idara alitabasamu kwa wajumbe kama mtu anayewaomba radhi kwa kelele za nje. "Mwenyekiti, mnaona nilichosema kwenye maelezo yangu," alisema. "Huyu ni mama wa mtuhumiwa. Wamepanga. Mama yuko masjala, anasoma barua za siri, binti anaandika. Muulizeni kama hakuisoma."

Lilikuwa swali la mtego na kila mtu mezani aliliona. Akisema ndiyo, amevunja kiapo cha kazi na njama imethibitika; akisema hapana, hana analolijua la kusema. Mwenyekiti alilipenda. Aliegemea mbele kwa mara ya kwanza.

"Jibu kwa neno moja. Barua hii ulipoipokea, uliisoma?"

Mama Masjala alimtazama binti yake. Injinia alikuwa anamtazama yeye, na uso wake ulikuwa uleule wa kitandani, wa mtu ambaye ameshakata tamaa ila hajaacha kungoja.

"Hapana," alisema. "Na sijaisoma mpaka leo. Aliniandikia mimi, nikaipeleka kwa huyu. Miaka ishirini na miwili nimejisifu kwamba sisomi, mkanipigia makofi, mkanipa na saa. Sasa naelewa mlikuwa mnanipigia makofi ya nini. Mtu asiyesoma ndiye mliyemhitaji pale dirishani." Maji yalikuwa mezani, hakukaribishwa. "Nipeni niisome sasa."

"Barua hiyo ni ya siri."

"Siri kwa nani? Huyu kaisoma. Nyinyi watano mna nakala mbele yenu, naziona. Katibu kaichapa. Imebaki siri kwa nani humu, kwangu mimi niliyemzaa?"

Mjumbe mmoja mwanamke alisogeza nakala yake chini ya faili. Mwenyekiti alimgeukia katibu kumwambia mtumishi wa masjala atolewe nje, na kwamba kesho aandikiwe likizo ya lazima. Ndipo kiti cha plastiki kilipokwaruza sakafu.

Injinia alikuwa amesimama. "Msimtoe," alisema. "Nitamsomea mimi. Naijua kwa kichwa."

"Mwanafunzi, kaa chini! Utapewa nafasi."

Aliwapa mgongo. Wajumbe wote watano, kitambaa cha kijani, kompyuta ya katibu, vyote akavipa mgongo na kumwelekea mama yake, ambaye alikuwa bado amekumbatia daftari kifuani.

"Ndugu Msajili," alianza, kisha akatikisa kichwa. "Mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Siku ya nne ya kambi ya mazoezi, mkuu wa idara aliniita kwenye gari lake, akasema anataka kukagua daftari langu la vipimo. Nilipoingia alifunga milango yote kwa kile kitufe cha upande wake. Aliniambia daftari la mtu mwenye kiburi halisainiwi. Akaweka mkono wake..."

"Katibu, usiandike haya," alisema mwenyekiti.

"...akaweka mkono wake ndani ya shati langu, mama, na mimi nilikuwa nimeshika daftari, nikawa naogopa kuliangusha. Nusu saa nzima niliogopa kuangusha daftari."

Mama Masjala aliliachia lake. Lilianguka sakafuni kwa kishindo, kurasa zikalala wazi, na hakuna aliyeinama kuliokota. Mkuu wa idara alikuwa ameinuka. Alikuwa anafunga kifungo cha koti, anasema kwamba hakuja kutukanwa, kwamba kamati ikishapata nidhamu yake imwite. Kwenda mlangoni ilimbidi apite mbele ya yule mama, naye yule mama hakusogea.

"Kaa," Mama Masjala alimwambia.

"Samahani, nipishe."

"Nimesema kaa. Uliisoma peke yako, umejifungia ofisini, ukaicheka. Leo utaisikia mbele za watu, kwa sauti ya mwenyewe. Ukipita hapa utapita juu yangu, na nje ya mlango huo yupo baba yake."

Mkuu wa idara aliwageukia wajumbe wamsaidie. Mwenyekiti alikuwa anatazama chupa yake ya maji. Yule mjumbe mwanamke alikuwa ameitoa tena nakala yake chini ya faili na kuiweka mbele yake, na katibu, ambaye aliambiwa asiandike, hakuwa ameondoa vidole kwenye kompyuta. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Mkuu wa idara alirudi nyuma hatua mbili, akatafuta kiti kwa mkono, akaketi.

Mama Masjala aliuvuta ule mkono wa binti yake uliokuwa umekosa mahali pa kukaa, akaushika ndani ya yake miwili.

"Nisamehe, mama," alimwambia. "Anza tena mwanzo. Usiruke neno."

Injinia alipangusa pua kwa kiganja, akaanza tena mwanzo.